Mjadala: Albamu ya ukoo mtandaoni, je, picha ya mtoto iwekwe kabla mzazi hajaulizwa?

MTOA MADA, UMOJA
Habari zenu wanajamvi. Naleta jambo lililotugawanya nyumbani, na sidhani ni kwetu pekee.

Desemba tulimfanyia shosho, yaani bibi yetu, sherehe ya kutimiza miaka 80. Nilipiga picha, wengine wakanitumia zao, nikafungua albamu mtandaoni na kuziweka zote 412. Kiungo nikakitupia kundi la WhatsApp la ukoo. Nilishukuriwa sana, hasa na walio ng'ambo. Wiki mbili baadaye dadangu mdogo akanipigia akilia. Mwenzake kazini alikuwa amemwonyesha picha ya bintiye wa miaka 6, yumo ndani ya karai pale uani, povu kichwani, anacheka, hana nguo. Huyo mwenzake si wa kwetu hata kidogo. Kiungo kilitoka kundi la ukoo kikaingia la chama, kutoka la chama kikafika la kanisa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kila mtu alitaka tu wenzake wamwone shosho akikata keki.

Nilifuta picha ile usiku huohuo, lakini aliyekwisha kuihifadhi kwenye simu yake anayo mpaka leo. Na niliipiga mimi, kwa mkono wangu, bila kumwuliza mama mtu aliyekuwa jikoni hatua tano kutoka pale.

Sasa swali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla data ya mtoto haijatumiwa. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliipiga shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Lakini kifungu cha 51 cha sheria hiyohiyo kinamwachilia mtu anayeshughulikia mambo yake binafsi au ya nyumbani tu. Je, albamu ambayo yeyote mwenye kiungo anaifungua bado ni jambo la nyumbani? Mimi nasema si la nyumbani tena. Anayefungua albamu amwulize mzazi wa kila mtoto kwanza, na akikataa iwe basi, bila kununiana.

SHANGAZI, MATHARE
Pole kwa dadako, mwanangu. Picha ya mtoto akiwa uchi haikufaa kupigwa, achilia mbali kuwekwa. Lakini nisikilize na mimi.

Mafuriko ya Aprili 2024 yaliingia nyumbani kwangu usiku, maji yakafika kitandani. Albamu ya marehemu mume wangu ilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Nilipoifungua baada ya siku tatu kurasa zilikuwa zimeshikana. Nilijaribu kuibandua picha ya harusi yetu taratibu, na uso wake ukabaki kwenye plastiki. Picha niliyo nayo leo ni ile ambayo mpwa wangu aliiweka kwenye albamu ya ukoo miaka iliyopita, na hakuomba ruhusa ya mtu. Angeanza kuzunguka akiuliza kila mzazi wa kila mtoto aliyesimama pale mbele, si angechoka akaacha? Mtoto ni wa ukoo. Picha yake pia ni yetu.

MPIGA PICHA, RIVER ROAD
Nimeifanya kazi hii tangu siku za filamu ya picha 36. Wakati huo mteja alichukua picha zake na negativu, mambo yakaishia hapo. Nyinyi mnaongea juu ya picha inayoonekana, lakini iko na nyingine ndani yake. Picha ya simu hubeba saa ilipopigwa, na kama umewasha huduma ya mahali, hubeba na mahali penyewe. Mtoto akiwa na sweta ya shule yenye nembo, mtu akaongezea na mahali, ameshajua anasoma wapi na analala wapi. Zimeni hiyo huduma kwenye kamera kabla ya sherehe, na kwenye albamu angalieni kama mahali panaonyeshwa.

Shangazi, na wewe usilale ukidhani mtandao ni salama kuliko sanduku. Google Photos iliacha kuhifadhi bure bila kikomo tarehe 1 Juni 2021, sasa bure ni gigabaiti 15 pamoja na barua pepe zako. Na akaunti isiyoguswa kwa miaka 2 inaweza kufutwa, picha zikaenda nayo. Ile ya mzee, tafadhali njoo nikuchapie hata nakala mbili.

MSOMAJI WA SHERIA, PARKLANDS
Mtoa mada hayuko peke yake. Mei 2020 mahakama ya Gelderland, Uholanzi, ilimwamuru nyanya mmoja aondoe picha za wajukuu wake Facebook na Pinterest kwa sababu mama yao hakuridhia. Akikaidi, euro 50 kila siku mpaka zifike 1,000. Mahakama ikaona kwamba picha zikiwa mahali ambapo hata wageni wanaweza kuzifikia, kinga ya nyumbani haimfuniki. Hiyo ni sheria ya Ulaya, haitufungi. Ila kifungu chetu cha 51 kimeandikwa kwa roho hiyohiyo, na Katiba yetu, ibara ya 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Haikusema kila mtu mzima.

MTOA MADA, UMOJA
Shangazi, nimeyasoma maneno yako mara mbili. Sitaki albamu ife. Ningependa picha ya mzee ikae mahali ambapo mafuriko hayafiki. Ila picha ya harusi yenu iliyofika kwako na picha ya mtoto kwenye karai haziwezi kupita mlango mmoja. Na tukisema mtoto ni wa ukoo, basi ukoo ndio wa kwanza kumfunika.

Tumefanya hivi. Nimezima kiungo na kualika watu kwa anwani zao za barua pepe, mmoja mmoja, wakabaki 58. Picha za watoto nimezitenga kando, haziingii mpaka mama au baba aseme ndiyo kwa ujumbe ninaouhifadhi. Kazi yenyewe ilinichukua jioni tatu, haikunishinda. Dada amekubali picha 9 kati ya 31 za bintiye. Mjomba mmoja wa Kariobangi amekasirika kwamba anaombwa ruhusa na mtoto aliyemlea, na ametoka kwenye kundi. Huyo bado sijajua nimwambie nini. Aliyewahi kupatana na mzee wa namna hiyo anieleze alianzia wapi.