Komeo la choo, koki na mikono ya wanafunzi: tuanzie wapi?

Mwalimu wa Sayansi, Tandahimba
Ndugu zangu, habari za kazi. Ninafundisha shule ya msingi huku juu kwa Wamakonde, ambako kiangazi maji hununuliwa kwa dumu. Mwezi uliopita wanafunzi 11 wa darasa langu waliharisha ndani ya juma moja, na kamati ya shule ikaamua madawati yote yaoshwe kwa dawa kila Ijumaa. Nina wasiwasi kwamba maji hayo yangefaa zaidi kwingine. Nilisimama karibu na choo cha wavulana wakati wa mapumziko nikaangalia: kila anayetoka husukuma komeo lile lile la mbao, ambalo limekuwa jeusi na linateleza kwa kushikwa, kisha hufungua koki ya tangi kwa mkono huo huo, hunawa kwa maji matupu, halafu huifunga koki kwa mkono aliokwisha kuunawa. Je, bakteria hudumu kwa muda gani mahali kama hapo, na kwa madumu machache niliyo nayo nianzie wapi?

Mtaalamu wa maabara, Lindi
Mwalimu, umeangalia mahali penyewe hasa. Bakteria wengi wanaokaa kwenye madawati ni wale wa kawaida wa ngozi na vumbi, ambao hawamdhuru mtoto mwenye afya. Wanaonitia hofu mimi ni wanaotoka kinyesini. Shigela, anayeleta kuhara damu, anaweza kudumu kwenye kitu kikavu kwa siku kadhaa na hata miezi, na vimelea kati ya 10 na 100 tu hutosha kumwangusha mtu, kiasi ambacho ncha ya kidole hubeba bila kuonekana uchafu wowote. Hata hivyo, komeo lenyewe halimwambukizi mtoto. Anayemfikishia vimelea mdomoni ni mkono wake, na ndiyo maana koki ile inayoshikwa kabla na baada ya kunawa ni mbaya kuliko madawati yote ya darasa.

Afisa afya, Mtwara
Naungana na mtaalamu. Mwalimu, ondoa koki katika safari ya mkono: tundika vibuyu chirizi. Dumu la lita 5 lenye tundu dogo, kamba, kijiti cha kukanyagia, na sabuni ya mche iliyotobolewa ikaning'inizwa pembeni. Mtoto hashiki chochote isipokuwa sabuni, na maji hutiririka kidogo kidogo tu. Sabuni ikiisha, jivu lifae kwa muda. Wasifutie mikono kitambaa kimoja, waiache ikauke kwa hewa.

Makomeo na vitasa visafishwe kila siku, kwanza kwa maji ya sabuni, kwa kuwa uchafu huipunguzia klorini nguvu, ndipo vipakwe dawa hiyo ya klorini na kuachwa vikiwa vibichi kwa dakika 10. Kama dawa yako ni ya asilimia 3.5, kipimo 1 cha dawa kwa vipimo 6 vya maji kitakupa asilimia 0.5 inayotakiwa. Changanya ya siku hiyo tu, na usiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo, kwani hutoa hewa yenye sumu.

Mzazi, Masasi
Mwalimu, naomba uangalie na kopo la kunywea. Shuleni kwa mwanangu kopo moja lilikuwa likichovywa ndooni na darasa zima, vidole vikiingia majini. Tulichanga tukanunua ndoo yenye mfuniko na koki, na kila mtoto akaja na kikombe chake.

Mwalimu wa Sayansi, Tandahimba
Nawashukuru sana. Kopo hilo lipo hata kwetu, na sikuwa nimelifikiria. Jumatatu ninaipelekea kamati ombi kwamba maji ya Ijumaa yagawanywe kwa siku 5, vibuyu vinne vitundikwe kati ya vyoo na jiko la uji, na komeo la mbao, ambalo nyufa zake hazisafishiki, libadilishwe liwe la chuma.