Naomba ushauri: napima mwendo wa modeli ya mtambo wa upepo unaoelea, pembe inarukaruka

KijanaWaMakulu:
Habarini wakuu. Niko Dodoma, mradi wa mwaka wa mwisho. Nimetengeneza modeli ya 1:100 ya mtambo wa upepo unaoelea baharini, ule wa nguzo ndefu kama mitambo 5 ya Hywind iliyoanza kazi Scotland mwaka 2017. Bahari iko mbali nasi, kwa hiyo naijaribia kwenye simtanki nililolikata juu.

Nimebandika alama moja ya ArUco (kimraba cheusi na cheupe ambacho kompyuta inakitambua kwenye picha) kwenye mnara, simu inarekodi fremu 30 kwa sekunde. Nauinamisha, nauachia, OpenCV, programu ya kuchambua picha, inasoma pembe. Kwa macho unayumba taratibu, lakini grafu inatoka nyuzi +6 hadi −6 ndani ya fremu moja! Kamera ya bei siiwezi. Nakosea wapi?

FundiStendi:
Upepo wa Dodoma unautambua lakini? Bandika alama ya pili kwenye ukuta wa tanki. Nayo ikionekana inahama, basi kinachotikisika ni stendi ya simu.

MamaVipimo:
Mwanangu, simu haina kosa. Alama moja bapa ukiitazama uso kwa uso, ikiinama kuja kwako au kwenda nyuma picha zinakaribia kufanana. Programu inachagua huku, fremu inayofuata inachagua kule. Hamishia simu ubavuni, mnara uyumbe kushoto na kulia kwenye picha. Ukitaka mienendo yote sita (kusogea kwa njia tatu na kuzunguka kwa njia tatu), weka alama kadhaa zisizo kwenye bapa moja, na nafasi zake uzipime kwa kaliper.

Jambo la pili ni muda. Kwa 1:100 pembe haibadiliki, lakini sekunde 1 yako ni sekunde 10 za baharini (muda unafuata kipeuo cha pili cha 100), na milimita 2 ni sentimita 20. Simu nyingi hazipishanishi fremu sawasawa. Usihesabu fremu ukagawa kwa 30, soma muda wa kila fremu.

KijanaWaMakulu:
Shikamoo mama. Nimehamisha simu jioni hii, kuruka kumekwisha kabisa! Ila baada ya miyumbo kama 5 inayopungua vizuri, grafu inapanda tena kidogo.

MamaVipimo:
Marahaba. Hayo ni maji yanagonga ukuta wa tanki na kuirudia modeli. Tumia miyumbo ya mwanzo tu. Au alfajiri moja yenye utulivu nenda bwawa la Hombolo, simu ikae nchi kavu. Pima kina kwanza, nguzo isiguse tope.