Boss anataka tununue seva ya picha za setilaiti, naombeni ushauri kabla hela haijatoka

binti_wa_kibada

Habari za muda huu wakuu. Niko kwenye taasisi ndogo hapa Dar, tunafuatilia mikoko ya delta ya Rufiji kwa picha za Sentinel-2, zile za bure za Ulaya. Kazi nimeirithi kwa jamaa aliyehama, na alichoniachia ni rundo la diski za nje, folda ndani ya folda, mafaili yanaitwa rufiji_mpya.tif, rufiji_mpya2.tif, rufiji_final_kweli.tif, yaani we acha tu. Sasa boss kaniambia nidizaini mfumo wa kuhifadhi picha zote kuanzia 2016 mpaka leo, na ameshachukua proforma ya seva Kariakoo, bei ukiiona unatafuta kiti kwanza.

Naomba kujua seva ya ukubwa gani inatosha, na je zile picha za masika ambazo ni wingu tupu nizifute kuokoa nafasi? Lingine sijui hata kama linahusiana, grafu yetu ya NDVI (kipimo cha ukijani wa mimea) miaka yote ilikuwa inacheza kwenye 0.7 na kitu, halafu mwanzoni mwa 2022 ikaporomoka hadi chini ya 0.5 na haijapanda tena. Boss anataka kuandika kwenye ripoti kwamba mikoko imekatwa. Mimi nimefika Nyamisati nikapanda boti, mikoko ipo imejaa tele.

FundiSeva_Sinza

Dada hiyo proforma irudishe kwanza. Ukinunua seva umenunua na UPS, na AC, na mtu wa kuiangalia, na upepo wa chumvi wa huku kwetu unavyokula vyuma unaujua. Halafu muuzaji atakwambia ina RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, kwa hiyo uko salama. RAID inakusaidia diski moja ikifa, lakini ukifuta folda kwa bahati mbaya inafutika kwenye diski zote kwa mpigo, hiyo siyo bakapu.

Kwanza hizo picha kwa nini uziweke zote wakati wenyewe wameshazihifadhi? Kipande kimoja cha Sentinel-2 kina upana wa kama kilomita 110 kila upande na faili lake linaweza kufika gigabaiti moja, wewe unahitaji kona ya delta tu. Siku hizi kuna GeoTIFF, yaani picha zinazojua mahali zilipo kwenye ramani, zilizopangwa kwa ajili ya klaudi, ndani zimekatwa vigae vigae, kwa hiyo programu yako inaomba vigae vya delta peke yake kupitia intaneti, faili lililobaki hata haligusi. Bando lako litakushukuru.

Mzee_wa_Pikseli

Fundi ameongea vizuri ila mmeruka jambo kubwa kuliko yote, hilo la mwisho analosema halijui kama linahusiana. Linahusiana sana mwanangu, na hiyo ripoti isitoke.

Zamani namba iliyo kwenye pikseli ya Sentinel-2 ukiigawa kwa 10,000 unapata kiasi cha mwanga kilichorudi. Tarehe 25 Januari 2022 likaanza toleo la uchakataji 04.00, na humo kila namba imeongezewa 1,000, kwa sababu sehemu za giza kama maji na vivuli thamani ilikuwa inaweza kwenda chini ya sifuri ikakatwa. Ni uamuzi mzuri tu, na walitangaza, lakini skripti isiyojua hilo inaumia. Chukua pikseli ya mkoko, infraredi 3,000, nyekundu 400. NDVI ni tofauti yake gawanya kwa jumla yake. Tofauti ni 2,600, jumla 3,400, NDVI 0.76. Sasa ziongezee 1,000 zote mbili, tofauti inabaki ileile 2,600 lakini jumla imekuwa 5,400, jibu 0.48. Mikoko yako imekatiwa ndani ya kompyuta.

Na usije ukasema basi nitatoa 1,000 kwa kila picha ya baada ya Januari 2022 nimalize. Wale jamaa walirudi nyuma wakachakata upya picha za zamani, zimetoka na toleo 05.00, nazo zina hiyo 1,000 ndani. Kwa hiyo picha ya 2017 inaweza kuwa nayo au isiwe nayo, inategemea aliishusha lini na wapi. Kuna majukwaa mengine yanakurekebishia yenyewe kabla hujaiona. Jina la asili la faili ndilo linakwambia, katikati huwa kuna N0204 au N0400 au N0500, hilo ndilo toleo. Sasa huyo aliyebadilisha jina kuwa rufiji_mpya2 ametupa kitambulisho cha picha kwenye pipa la taka.

binti_wa_kibada

Mzee shikamoo na asante, hapa mikono inatetemeka, maana ripoti ilikuwa iende wiki hii. Sasa yale yenye majina ya ajabu ajabu nitayatambuaje?

Mzee_wa_Pikseli

Marahaba. Fungua bendi ya infraredi uangalie bahari ya kina, mbali na mchanga, pasipo na wingu wala mng'aro wa jua. Maji yanameza infraredi karibu yote. Ukikuta namba ni mia chache au chini yake hiyo ni ya mtindo wa zamani, ukikuta zinacheza kwenye 1,000 au juu yake basi imeongezewa. Hiyo ni ya dharura tu lakini, zile zenye utata zitupe ushushe upya zenye jina kamili.

kaka_wa_mbagala

Kuhusu mawingu usifute kitu aisee. NASA wenyewe waliwahi kuukosa mwanya wa ozoni kule Antaktika kwa sababu kompyuta yao ilitupa vipimo vilivyoonekana vidogo mno, Waingereza wakawawahi 1985.

Mzee_wa_Pikseli

Hiyo stori inapendwa sana vijiweni ila siyo sawasawa. Vipimo vya Nimbus-7, setilaiti yao ya wakati huo, havikutupwa, vilivyoshuka chini ya 180 kwa vizio vya Dobson vya kupimia ozoni viliwekewa alama kwamba vina mashaka, vikakaa pale. Ni kweli Farman na wenzake wa Uingereza ndio waliotangulia kuchapisha, lakini NASA waliweza kurudi kwenye data yao na kuonyesha ukubwa wa mwanya wote kwa sababu hakuna aliyefuta. Kwa hiyo ushauri wa kaka uko palepale, weka safu ya asilimia ya mawingu kwenye jedwali lako, uchuje wakati wa kutumia.

Misheni kubwa zote zinafanya hivyohivyo. Data mbichi kabisa toka kwenye chombo, daraja 0, inatunzwa daima, na madaraja ya juu yote yanaweza kutengenezwa upya siku hesabu ikiboreshwa. Landsat, setilaiti za Wamarekani, zinapiga picha tangu 1972 na mwaka 2020 walitoa Collection 2, hazina yote imechakatwa upya. Na NISAR, setilaiti ya rada iliyorushwa Julai 2025 na Wamarekani na Wahindi inatarajiwa kuzalisha kama terabaiti 80 kwa siku, hapo nani atashusha? Unapeleka skripti yako kule data iliko.

FundiSeva_Sinza

Basi mfumo wako dada ni jedwali tu, hata PostgreSQL, programu ya bure ya hifadhidata, kwenye kompyuta uliyonayo. Kila picha mstari mmoja: jina la asili, tarehe, toleo la uchakataji, mawingu, umeitoa wapi, na skripti ya tarehe gani ndiyo iliyotoa NDVI yake. Ukitaka kwenda na wenzio duniani andika kwa muundo wa STAC, ule wa pamoja wa kuorodhesha picha za setilaiti. Vya kuhifadhi kwa nguvu ni majibu yenu, skripti, na vipimo mnavyochukua kwa boti, hivyo vya boti hakuna mwingine anavyo, viweke nakala ofisini, nakala nje ya ofisi na nakala klaudi.

kaka_wa_mbagala

Na wa klaudi wakipandisha bei au wakafunga? Mi bado nasema weka diski yenye vipande vya delta tu.

FundiSeva_Sinza

Hapo sibishi, vipande vya delta peke yake diski moja ya kawaida inavibeba vizuri, mradi majina yasiguswe.

binti_wa_kibada

Nimejaribu ile ya bahari, karibu folda zote za 2022 kuja huku hakuna namba chini ya 1,000. Na kuna folda ya 2018 nayo iko hivyo. Boss nimemtumia grafu mbili kwenye WhatsApp, tiki za bluu zimetoka, bado hajajibu. Proforma inaisha muda Ijumaa.