Ufadhili wa masomo ya ualimu kugeuzwa deni hata pale mwalimu asipokuwa na kosa: hadi lini?

Ndugu wanajukwaa,

Naufungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Ufadhili unaotolewa kwa wanachuo wa ualimu, ule unaotangazwa kila mwaka kuwa ni msaada kwa vijana watakaokwenda kufundisha masomo yenye uhaba wa walimu, umewekewa masharti ambayo yanambana mpokeaji peke yake. Nimeusoma upya mkataba wangu mstari kwa mstari. Kuna kurasa nzima zinazoeleza nitafanywa nini nikikiuka, lakini sijaona sentensi hata moja inayoeleza mfadhili atawajibika vipi akichelewesha fedha au akishindwa kunipangia kituo cha kazi.

Utaratibu wenyewe wengi mnaujua. Mwanachuo hulipiwa ada, na pengine malazi, vitabu na fedha ya kujikimu, naye huahidi kwamba akihitimu atafundisha kwa miaka kadhaa katika shule za aina iliyotajwa, na asipofanya hivyo fedha zote zitahesabiwa kuwa mkopo wenye riba. Sina ugomvi na sharti la kufundisha. Aliyesomeshwa kwa fedha za umma ili akafundishe, na akafundishe. Ugomvi wangu ni kwamba mkataba hautofautishi kati ya aliyekimbia kazi na aliyenyimwa kazi.

Mimi nilihitimu, nikapeleka vyeti, nikaomba kupangiwa shule, nikaomba tena, na kila nilipofuatilia niliambiwa nisubiri kibali cha ajira. Maisha hayasubiri kibali, kwa hiyo nikachukua nafasi ya muda katika shule ya binafsi na nikaendelea kufundisha somo lilelile la hisabati nililosomeshwa. Sasa nimepokea barua inayosema kwamba sikutumikia katika shule iliyoidhinishwa, kwamba ufadhili wangu umegeuzwa kuwa mkopo, na kwamba riba imeanza kuhesabiwa tangu malipo ya kwanza nikiwa bado chuoni. Barua hiyo haikutaja popote kwamba niliomba kupangiwa shule na sikupangiwa.

Baadhi yenu mtasema hili ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Hapana. Afrika Kusini wana mpango wa Funza Lushaka, ulioanza mwaka 2007, ambamo kila mwaka wa kusomeshwa unafidiwa kwa mwaka mmoja wa kufundisha katika shule ya umma. Kwenye karatasi hesabu hiyo ni ya haki kabisa. Lakini wenye nafasi za kazi ni idara za elimu za majimbo, na fedha za mishahara katika majimbo hazipangwi kwa kuangalia ni vijana wangapi wamesomeshwa na mpango huo, hivyo wahitimu wake wamelalamika hadharani mara kwa mara kwamba wamemaliza masomo na wamebaki nyumbani bila shule ya kwenda.

Marekani hali ilikuwa mbaya zaidi, na ndiyo inayonitia uchungu kuliko zote kwa sababu huko waliopatwa na deni wengine walikuwa darasani wakitimiza ahadi yao. Sheria ya mwaka 2007 ilianzisha ruzuku iitwayo TEACH Grant, ya hadi dola 4,000 kwa mwaka, kwa sharti la kufundisha somo lenye uhaba katika shule zinazohudumia familia za kipato cha chini, kwa miaka 4 ndani ya miaka 8 baada ya masomo. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la nchi hiyo ilitoa ripoti mwaka 2015 na kuonyesha kwamba zaidi ya wapokeaji 36,000, kati ya zaidi ya 112,000, ruzuku zao zilikwisha kugeuzwa mikopo, na kwamba wapokeaji 2,252 miongoni mwao waligeuziwa kimakosa. Riba ilirudishwa nyuma hadi siku kila fungu la fedha lilipotolewa. Kuna walimu ambao kosa lao pekee lilikuwa fomu ya mwaka iliyochelewa siku chache, au sehemu moja ya saini iliyoachwa wazi. Redio ya umma ya NPR ililipigia kelele jambo hilo mwaka 2018, na mwishoni mwa mwaka huohuo Wizara ya Elimu ikakubali kuwarudishia ruzuku walioweza kuthibitisha kwamba walifundisha walivyoahidi. Kanuni zilizorekebishwa, ambazo hazimgeuzii mtu ruzuku kuwa mkopo kwa sababu tu ya fomu ya mwaka, zilianza kutumika Julai 2021. Yaani miaka 14 baada ya sheria yenyewe kupitishwa!

Hebu niwaeleze kuhusu fomu hizi, maana asiyewahi kuijaza moja anaweza kudhani tunalalamikia jambo dogo. Fomu ya uthibitisho wa utumishi inamtaka mwalimu ajaze somo analofundisha, idadi ya vipindi na madarasa, kisha mkuu wa shule asaini na kugonga muhuri. Dirisha la kuiwasilisha linafunguliwa shule zikiwa zimefungwa. Mkuu wa shule yuko likizo, muhuri umefungiwa ofisini, na simu ya mfadhili inapokewa na mtu anayesema hana mamlaka ya kuongeza muda. Mwalimu anayeishi mbali na mji, yule hasa ambaye mpango huu unadai kumhitaji, ndiye anayekwama wa kwanza.

Na kabla hujafika huko, kuna ucheleweshaji wa fedha ukiwa chuoni. Wakati wa mazoezi ya kufundisha mwanachuo anatakiwa aripoti katika shule aliyopangiwa akiwa amevaa nadhifu, awe na andalio la somo kwa kila kipindi, na awe na zana za kufundishia, kwa sababu mkufunzi anayekuja kumtathmini anatoa alama kwa vitu hivyo. Fedha ya kujikimu haijaingia. Nimeona wenzangu wakichora mchoro nyuma ya karatasi ya manila iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, mistari ya upande wa pili ikionekana mbele ya wanafunzi, na mkufunzi akiwakata alama za zana. Hakuna aliyewahi kumkata alama mfadhili.

England wamekwenda njia nyingine: posho za mafunzo ya ualimu hazina sharti la utumishi, kwa hiyo deni la namna hii halipo. Nako, hata hivyo, kiwango kinabadilishwa kila mwaka kwa namna ambayo kijana hawezi kupangia maisha yake. Biolojia ilishuka kutoka pauni 26,000 mwaka wa masomo 2020/21 hadi pauni 7,000 mwaka uliofuata, na somo la Kiingereza, lililokuwa na pauni 12,000, likaondolewa kabisa, kisha likarudishiwa pauni 15,000 mwaka 2023/24.

Jibu ninalopewa kila ninapolisema hili ni kwamba nilisaini mwenyewe. Ndiyo, nilisaini nikiwa kijana ambaye bila fedha hizo asingeingia chuo, na mkataba uliletwa siku ya usajili, huku foleni ikiwa nyuma yangu. Halafu watu walewale wanaotoa jibu hilo ndio wanaolia kuhusu uhaba wa walimu. UNESCO inakadiria kwamba dunia itahitaji walimu milioni 44 zaidi kufikia mwaka 2030, na milioni 15 kati yao ni wa Afrika kusini mwa Sahara. Nani atamshauri mdogo wake asomee ualimu kwa ufadhili akishaona barua kama yangu?

Ninachodai kinaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja. Muda wa utumishi uhesabiwe kuanzia siku mhitimu anapopangiwa kituo, si siku anapohitimu, na asipopangiwa ndani ya muda uliotajwa, wajibu wake uishe au aruhusiwe kuutimiza katika shule yoyote itakayompokea. Fomu iliyochelewa itozwe faini ndogo ikibidi, lakini isigeuze msaada wa miaka yote kuwa deni. Riba isirudishwe nyuma hata kidogo.

Waliosaini mikataba ya aina hii, tafadhalini kitafuteni kifungu kinachohusu kupangiwa kazi na mkiweke hapa neno kwa neno, mkifuta majina na namba zenu, ili tulinganishe. Mimi nimekwisha kupeleka rufaa, pamoja na nakala za barua zote nilizoombea kituo.