Tupeane uzoefu: mlipunguzaje gharama za kota za jeshi?

Wakuu, salaam. Walio nje wanadhani familia ya askari inakaa bure. Sisi tunaoishi kota tunayajua makato: kodi, maji, umeme, na ile bili ya uharibifu siku ya kuhama. Mwenye njia iliyomsaidia aiweke hapa.

Naanza mimi. Uhamisho wetu wa kwanza mume wangu alikatwa hela ya kitasa, rangi ya chumba cha watoto na sinki lenye ufa. Sinki tulilikuta hivyo hivyo! Ila fomu ya makabidhiano aliisaini usiku, mizigo ikiwa bado kwenye lori, jikoni hajaingia. Iliniuma sana. Siku hizi hatusaini kabla sijapita chumba kwa chumba na simu mkononi: kuta, dari, mabomba, hata namba za mita. Kila kasoro inaandikwa, msimamizi wa nyumba anasaini, nakala nabaki nayo. Uhamisho uliofuata hatukukatwa kitu.

Mama Mapacha: Dada, umenigusa. Kwetu ilikuwa mita moja, nyumba mbili, bili nusu kwa nusu. Sisi wanne, jirani watu tisa. Nikaandika barua kuomba kila nyumba iwe na mita yake. Zilipita wiki nyingi, nikakumbushia mara tatu, wakafunga. Na ugomvi na jirani ukaisha.

Mstaafu: Bomba likivuja, ripoti kwa maandishi siku hiyo hiyo. Ya mdomo yanapotea, bili inabaki kwako.

Binti wa Kota: Tuangalie na juu. Uingereza mwaka 1996 iliuza nyumba zaidi ya 55,000 za familia za wanajeshi kwa kampuni binafsi, kisha wizara ya ulinzi ikazipanga hizo hizo, na matengenezo yakabaki juu yake. Januari 2025 serikali ikanunua tena 36,347 kwa karibu pauni bilioni 6. Hela hiyo ingeziba mapaa mangapi? Kota zisiuzwe.

Mgeni Kambini: Naomba msaada. Mume yuko operesheni na tumepewa nyumba. Naweza kupokea funguo mimi?

Mama Mapacha: Mimi nilipokea, kwa barua ya idhini aliyoniachia mume. Uliza ofisi ya nyumba kama wataikubali ikitumwa kutoka aliko. Na mdogo wangu, usiende peke yako, chukua shahidi.