Wakuu, bizimu la shaba la kale nitajuaje ni la mwaka gani? Niko Norfolk

Msaka Tonge: Habari za humu wakuu. Niko Norfolk, Uingereza, kazi za shamba. Nina bizimu la shaba, urefu wa kiganja, juu lina vinundu vitatu, chini limeishia kichwa cha farasi. Pini ya nyuma ni ya chuma na bado inafunga vizuri. Nimeambiwa ni la Waanglo-Saksoni, wale Waingereza wa kale. Nitajuaje ni la mwaka gani? Kuna mtu ana hela mkononi hadi Ijumaa, anataka tarehe. Msinipeleke mbali.

Kidawa wa Bara: Weka bei kwanza mkuu, tarehe baadaye.

Fundi Saa: Hilo ni bizimu la umbo la msalaba. Wanawake walilivaa tangu miaka ya 400 mwanzoni hadi 570 hivi. Tazama vinundu. Vikiwa mviringo kamili, na vya pembeni vimeundwa kando vikachomekwa, ni la mwanzoni. Vikiwa bapa kwa nyuma na vimemiminwa pamoja na bizimu, sogea mbele. Yale mapana yenye sura za wanyama ndiyo ya mwisho. Ila hiyo ni tarehe ya kutengenezwa tu. Lilikuwa peke yake?

Msaka Tonge: Kuna shanga kidogo. Na vibizimu vya kufungia mikono ya nguo.

Babu Rupia: Mjomba wangu Tanga alichimba mali ya Mjerumani chini ya mbuyu. Aliuza ng'ombe kumlipa mganga. Alichotoa ni kipande cha reli, mpaka leo shangazi anakitumia kuzuia mlango.

Fundi Saa: Vya mikononi vilitoka Skandinavia, vikaingia huko kama mwaka 475. Tarehe ya kaburi inafuata kitu kipya kuliko vyote vilivyomo. Hata bizimu likiwa la bibi yake marehemu, maziko hayawezi kutangulia hapo. Nimesema kaburi, mkuu. Mifupa ilikuwepo?

Msaka Tonge: Ilikuwepo. Nimeifukia kwa heshima, hata dua nimesoma. Mwenye shamba hajauliza kitu. Na pete ya fedha nimeitenga, hiyo siuzi, kwa hiyo sioni kosa liko wapi.

Bi Mwanakheri: Umemvua maiti pete, halafu ukamsomea dua? Watoto wa siku hizi mna mambo.

Wakili Bila Joho: Hiyo pete ndiyo kesi yenyewe. Kwa sheria yao ya 1996, kitu kilichopita miaka 300 chenye fedha au dhahabu angalau asilimia 10 ni hazina, pamoja na vyote vilivyokutwa nacho. Una siku 14 kumtaarifu mchunguzi wa vifo wa eneo lako, hazina ziko chini yake pia. Ukinyamaza, ni hadi miezi mitatu ndani. Mifupa ya mtu unaacha kuchimba na kupiga simu polisi. Kila eneo lina ofisa wa vitu vilivyookotwa, tarehe anakupa bure.

Msaka Tonge: Kodi ya nyumba haisubiri ofisa. Nimeuliza mwaka, mnanipa jela.

Pilipili Hoho: Wakuu mnakunywa chai na mnaongeza sukari. Pini ya chuma imelala ardhini miaka 1,500, "bado inafunga vizuri"? Kwenye makaburi hayo chuma hubaki bonge la kutu nyuma ya shaba, na wataalamu hufurahi wakikuta alama za kitambaa kwenye hiyo kutu. Jamaa kaagiza bizimu mtandaoni, anatafuta maelezo ya kumpigia mteja. Kaburi hakuna.

Babu Rupia: Na mwezi uliopita alikuwa Muscat anauza matairi.

Msaka Tonge: Matairi ni ya shemeji. Pini huenda ilibadilishwa.

Pilipili Hoho: Na nani, marehemu?

Fundi Saa: Weka picha ya nyuma. Ya mbele siitaki.

Msaka Tonge: Simu haina chaji. Ila vinundu ni bapa kwa nyuma. Nikimwandikia mwaka 500 itapita?