Mrejesho: mboji ya jiko la chuo, Lamu

Niliuliza kwa nini mabaki ya jiko la chuo yananuka badala ya kuwa mboji. Mlisema kweli, wakuu: maji mengi, hewa hakuna. Sasa ni ndoo 3 za majani makavu kwa ndoo 1 ya mabaki, na samadi ya punda juu (hiyo Lamu haitafutwi). Lundo lisipungue mita 1 kila upande, joto litapotea. Chomeka nondo ya chuma katikati. Ikitoka haishikiki kwa moto, lundo limeshika joto, geuza. Kupima maji, ukikamua konzi moja ya mchanganyiko, yadondoke matone mawili tu. Makumbi ya nazi yaliyofukiwa pwani kwa kazi ya kamba msitie, yana chumvi. Vichwa vya samaki navyo tumeviondoa: paka wa mji mzima walikuwa wanafukua.